Kwa Nini Niliacha Kutotolesha Vifaranga

Mnaniita mstaafu, halafu mnacheka. Chekeni. Nina miaka thelathini na sita, nimefanya kazi moja kwa miaka minane na nimeiacha, na hakuna kitu kingine ninachokijua vizuri kuliko hicho nilichokiacha. Kama huo si ustaafu, nitafutieni neno.

Vijana, mlipokuja kuchukua kibanda changu cha Kihonda mliniomba niwaandikie maelekezo ya mashine. Nimeyaanza mara sita. Kila nikifika mahali pa kusafisha mashine, nachana karatasi. Safari hii sichani. Humu mtakuta ya mashine na yangu yamechanganyika, na mtanisamehe, maana hata mimi nimeshindwa kuyatenganisha.

Nianze na lile mnaloniuliza kila siku: ukishaweka mayai, siku tatu za mwisho usifungue mlango. Najua mnalijua. Hata mimi nilikuwa nalijua, nilikuwa nimeliandika kwenye daftari kwa wino mwekundu na kulipigia mistari miwili. Mwaka wangu wa kwanza mama mmoja wa Dumila aliniletea mayai ya kuku wake wa kienyeji, akaniambia, "Haya ni macho yangu, dada Rehema." Siku ya ishirini nikasikia vifaranga wanalia ndani ya maganda. Nikafungua kidogo tu, nione. Nikafunga. Nikafikiri pengine sikufunga vizuri, nikafungua tena nihakikishe. Nilifungua mara tisa. Unyevu ukatoka wote, utando ndani ya yai ukakauka na kuwabana kama nailoni, na wengi wakafia humo humo, midomo imeshatoboa tundu. Mama wa Dumila hakunigombeza. Alitazama trei, akasema, "Kumbe nawe una wasiwasi kama mama mkwe wangu," akaondoka na vifaranga wake wachache ndani ya boksi la sabuni.

Huyo ndiye mimi. Sikusomea kuku. Nilijifunza kwa video za simu, kwa daftari, na kwa kuua. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa friji bovu. Idi, mume wangu, mtu wa Tabora, ni fundi wa kuchomelea. Aliling'oa matumbo friji lile, akafunga balbu mbili na feni ya kompyuta, likawa linabeba mayai sitini. Nilikuwa nalipangusa kwa sabuni na kitambaa, basi. Hiyo sabuni na kitambaa ikumbukeni, nitairudia kabla sijamaliza.

Mafunzo halisi niliyapata kwa Mama Chausiku. Alikuja kutoka Kingolwira kutafuta kibarua cha kufagia. Wiki ya pili ndiye alikuwa ananifundisha. Siku moja kipimajoto kilikufa, nikaanza kuzunguka kibanda nikipiga simu kwa kila muuza vifaa pale mjini.

"Unamtafuta nani?" akaniuliza.

"Kipimajoto, mama. Sijui kama wapo nyuzi thelathini na saba au arobaini!"

"Kaa chini." Akachukua yai moja, akanigandamizia kwenye kope la jicho nililolifumba. "Linachoma?"

"Hapana."

"Baridi?"

"Hapana. Silisikii."

"Usipolisikia, kifaranga yuko sawa. Kuku hana kipimajoto na hajawahi kukupigia simu."

Jifunzeni hilo la kope. Vipimajoto vinadanganya, hasa vile vya bei rahisi. Mimi niliendelea kuwa na vitatu na kuandika wastani, lakini kope sikuliacha.

Sasa la kwangu. Faraji, mwanangu mnayemfahamu, anayewavurugia maranda ya vifaranga, hakupatikana kwa njia ya kawaida. Tulihangaika miaka minne, tukaenda hospitali moja Dar es Salaam, wakachukua mayai yangu na mbegu za Idi, wakaunganisha kwenye maabara, wakanirudishia. Ikashika mara ya kwanza. Nilikuwa bado na friji langu la mayai sitini. Hatukumwambia mtu, si kwa aibu ya Idi, ni aibu yangu. Hebu fikirieni: mwanamke anayetotolesha mayai ya mji mzima, yake yanatotoleshwa na mtu mwingine. Nilijua utani utakaokuja, nikaukimbia kabla haujazaliwa. Kwenye fomu ya hospitali, penye "kazi", niliandika "mfanyabiashara".

Utani ukaja hata hivyo. Faraji alipofika miaka mitatu wateja wakaanza. "Mama Faraji, mashine inafanya kazi, fundi je?" Mwingine, mwanamke mwenzangu kabisa, akaniambia mbele ya watu, "Si uingie mwenyewe humo siku ishirini na moja, ukitoka uwe umeshapata mwenzake Faraji!" Watu wakacheka, mimi nikacheka kuliko wote. Kisha nikaenda nyuma ya kibanda, nikahesabu maboksi niliyokuwa nimeshayahesabu.

Tena mimi ni Mluguru wa Kinole, na kwetu ukoo unapitia kwa mama. Mama yangu alizaa binti mmoja tu, mimi. Mjomba Kibwana, kaka yake mama, ndiye mkubwa wa ukoo kule mlimani. Kila nikipanda kumsalimia, nikishatoa shikamoo na yeye akishaitikia marahaba, anamtazama Faraji kwa mapenzi yote, halafu anaugeuza uso kwangu: "Huyu atawazalia ukoo wa watu wengine, mpwa wangu. Wa kwetu yuko wapi?" Hakuwa na ubaya. Alikuwa anauliza kama mtu anayeulizia mvua. Mimi sikutaka wa kike wala wa kiume. Nilitaka mtoto mwingine, nilimtaka mpaka mikono inawasha, na nilikuwa naogopa kuliko mara ya kwanza. Mara ya kwanza hujui. Ukishafaulu mara moja unadhani kuna njia uliyoifuata, na kwamba ukikosea hatua moja tu utakuwa umeiharibu mwenyewe.

Tukarudi Dar. Nikapewa sindano za kila siku, zile zinazofanana na kalamu, za kujichoma tumboni saa moja jioni, si saa moja na robo. Zinatakiwa zikae kwenye baridi. Umeme wa nyumbani ulikuwa unakatika, kibandani kuna jenereta, kwa hiyo nikazipeleka kibandani, ndani ya boksi la barafu la bluu. Nikaandika karatasi ya joto la boksi, asubuhi, mchana na jioni. Kila kitu nilikiandika. Kitu kimoja sikukiandika: kwamba boksi la chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku, nalo lilikuwa la bluu.

Jumamosi moja Mama Chausiku alikuwa anapanda Kinole kuchanja kuku wa Mjomba na majirani zake. Alichukua boksi, akapanda bodaboda, akaenda. Saa nane mchana nikafungua boksi lililobaki ili niandike joto, nikakuta vichupa vya kideri na vidondoshi vyake.

Simu ya Mama Chausiku haipatikani. Ya Mjomba hushika mtandao akipanda juu ya jiwe lake, na siku hiyo hakuwa juu ya jiwe. Idi akaacha mlango wa mtu haujaisha kuchomelewa, tukapanda pikipiki yake. Tulipopita Mkuyuni tukaanza kupanda, barabara imelowa, migomba huku na huku, na mimi nyuma nikimwambia aongeze mwendo, halafu nikimwambia apunguze.

"Chagua moja, mama Faraji," akasema.

"Ongeza."

"Haya."

"Punguza!"

Tulimkuta Mjomba kibarazani, ameshika kalamu yangu moja ya sindano, ameiinua kwenye mwanga. Mama Chausiku amekaa kwenye kigoda, mikono amekumbatia magoti, na jogoo amefungwa mguu pembeni.

"Karibu, mpwa wangu," Mjomba akasema. "Kuku wa siku hizi wanachomwa kama waheshimiwa. Huyu jogoo nilitaka aanze yeye, mama huyu kanikatalia."

"Nimemwambia ya kwetu ni ya matone jichoni," Mama Chausiku akasema, hanitazami. "Nimemwambia hii ya leo siijui, na nisichokijua sikichomi. Nimezitia mtoni zipoe, hiyo moja kaitoa yeye."

Kweli, boksi lilikuwa limezama nusu kwenye kijito nyuma ya nyumba, limekandamizwa kwa mawe, na maji ya kule mnayajua, ukitia mkono unauma. Nikapeleka kipimajoto. Palikuwa na baridi kuliko kibandani kwangu. Nilikaa chini kwenye matope nikalia, si kwa huzuni.

Mjomba akanifuata na ile kalamu. "Hizi ni za nini?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Nikamtazama Idi, akatazama migomba. Nikasema. Nikasema yote, pamoja na Dar, na maabara.

Mjomba akaigeuza ile kalamu mkononi. "Na Faraji?"

"Naye hivyo hivyo, Mjomba."

Akatikisa kichwa polepole, akaifuta ile kalamu kwa upande wa kanzu yake, akanirudishia. "Basi aliyemtengeneza Faraji ni fundi kwelikweli. Rudi kwake. Na umwambie safari hii atuletee wa kike."

"Hawachagui, Mjomba."

"Wewe mwambie tu. Kuambiwa hakuui."

Saa moja kamili jioni nilijichoma tumbo ndani ya chumba cha Mjomba, nyuma ya pazia la kitenge, Mama Chausiku amenishikia tochi ya simu. Nje namsikia Mjomba anamwambia Idi, "Nyinyi watu wa Tabora mngeniambia mapema, ningezuia watu wasimseme." Nilitoka nimekuwa mwepesi. Nikashuka mlima ule nikiwa na hakika kwamba limeshapita lile la hatari, yaliyobaki yatakuwa ya kheri.

Kwa vipimo vya kazi yetu hayakuwa mabaya. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alinisomea: mayai tisa yametolewa, matano yamerutubika, viinitete viwili vimefika siku inayotakiwa. Nilitaka kucheka, maana ndivyo mimi ninavyowasomea wateja: mama, mayai yako yalikuwa mia, tumeyamulika, thelathini hayana kitu. Sikuwahi kufikiria uso wa mteja anaposikia hiyo thelathini. Kiinitete kimoja kikawekwa, kingine kikagandishwa. Nikaambiwa nisijipime, nisubiri kipimo cha damu. Mnajua nilivyo na milango. Nilijipima siku ya tano, ya sita, ya saba asubuhi na ya saba jioni. Mstari mmoja kila mara, yaani hakuna mimba. Siku ya damu ilithibitisha tu nilichokuwa nimeshajiua nacho wiki nzima.

Ndipo tukafika kwenye usafi.

Nilirudi kwa daktari na daftari. Nilikuwa nimeorodhesha kila kitu: nilichokula, saa za kulala, saa za sindano, hata ule mpando wa Kinole. Nikamwambia, "Daktari, nionyeshe nilipokosea." Akageuza kurasa kwa adabu, akasema mara nyingi hakuna pa kuonyesha. Kisha akatazama faili.

"Umeandika mfanyabiashara. Biashara gani, mama Faraji?"

"Vifaranga."

"Unauza?"

"Natotolesha." Nikasubiri acheke. Hakucheka.

"Mashine mnazisafishaje?"

Nikamwambia kwa fahari. Maana usafi ndiyo sifa yangu, waulizeni wateja. Baada ya Faraji kuzaliwa nilikuwa nimepanua kazi, Idi akanijengea makabati makubwa matatu. Kundi moja la vifaranga likafa vitovu vimeoza, nikaona mpaka jina langu linaoza. Nikasoma, nikajifunza kufukiza mashine kwa fomalini. Unaitia dawa, moshi unajaa, vijidudu vinakufa. Maelekezo yanasema funga, toka nje, ngoja, fungua madirisha. Mimi nilikuwa sitoki. Nilikuwa natia zaidi ya kipimo, halafu najifunga khanga mbichi puani, naingia kuhakikisha moshi umefika kwenye pembe zote. Mara mbili kwa wiki, karibu miaka mitatu. Mama Chausiku alikuwa anakimbilia barabarani, anapiga kelele kutoka huko: "Udi wako huo unafukuza mashetani na mwenye nyumba! Toka!" Nilikuwa namwona mvivu.

Daktari aliweka kalamu chini. Aliniambia fomalini si kitu cha kuvuta, hasa kwa mwanamke anayetafuta mimba au aliye nayo, na kwamba inashukiwa kuharibu mimba.

"Kwa hiyo ndiyo iliyofanya?"

"Siwezi kusema ndiyo."

"Kwa hiyo siyo?"

"Wala siwezi kusema siyo. Ninachosema ni kwamba kama ningejua tangu siku ya kwanza, ningekwambia uache tangu siku ya kwanza."

Nilimwandikia "mfanyabiashara" ili asinicheke. Vijana, sina maneno ya kuipamba hiyo. Faraji alishika wakati wa sabuni na kitambaa, mwenzake hakushika wakati wa fomalini, na daktari amenikataza kuzijumlisha hizo mbili. Kila siku nazijumlisha nikiosha vyombo.

Tulirudi na treni, Idi ameushika mkono wangu, mimi nahesabu nguzo. Tulipofika Ngerengere nikamwambia naacha.

"Kufukiza?" akauliza. "Si watu wanatumia dawa nyingine?"

"Kazi yote."

"Rehema, hiyo ni kazi ya mikono yako."

"Ninajijua. Nikibaki mle, siku moja nitaona kundi limekufa na nitaingia kwenye moshi. Nitasema mara moja tu."

Hakubisha. Ananijua na milango.

Mama Chausiku nilidhani atalia. Alisema, "Afadhali. Ila hao unaowaachia uwafundishe kukimbia." Kwa hiyo nafundisha. Tafuteni dawa isiyo ya moshi mkali, mwulizeni bwana mifugo, msiulize simu kama mimi. Ile chupa ya fomalini mliyoikuta rafu ya juu, mpelekeeni yeye aiondoe, na asiifungue mtu. Msichana kati yenu akiwa na mimba, au anaitafuta, au hataki kumwambia mtu kama anaitafuta, asiingie siku ya dawa, na asiulizwe kwa nini. Hilo la mwisho ndilo nalitaka zaidi. Asiulizwe. Na mkienda hospitali, penye "kazi" andikeni kazi yenyewe, mpaka harufu yake.

Daktari alitaka nikae miezi kadhaa mbali na moshi kabla ya kujaribu tena. Imekwisha. Kimebaki kiinitete kimoja kule Dar, kimegandishwa. Idi amesema hiki ni cha mwisho, na nimekubali, ingawa kuna asubuhi naamka sijakubali. Jumatatu tunapanda treni ya kwanza wakakiyeyushe na kukiweka. Mjomba Kibwana amepanda juu ya jiwe lake kunipigia simu, hakuuliza wa kike, aliuliza kama nimeshakula. Vidonge nimevipanga kwenye meza. Nimevipanga tena. Idi amevificha vipimo vya mkojo, na sitavitafuta. Nimeshatafuta sehemu mbili tu.

Halafu kutakuwa na wiki mbili za kusubiri. Katika hizo, tafadhali, msinipigie kuniuliza joto, unyevu, wala kitu chochote, na msimtume mtu aje kuniangalia usoni. Zikiisha nitakuja mwenyewe kibandani, mchana, watu wapo. Nikiingia moja kwa moja nikashika trei, nipeni kazi ya kufanya na msiniambie pole. Nikisimama nje mlangoni nikakataa kuingia, msiniulize kwa nini, nileteeni kigoda.